Darubini Nyuma ya Nyumba

Nilitoka Voi juu ya lori la saruji, nikalala Nakuru chini ya turubai, nikashushwa Kakamega mvua ikinyesha. Nilidhani ningepita tu. Badala yake nikapata kazi ya kuendesha pikapu ya profesa wa elimu ya nyota.

Mchana alifundisha chuoni, kisha akajifungia na picha za galaksi alizotumiwa kutoka nchi za mbali. Kila Ijumaa jioni tulipeleka darubini yake Shinyalu, kwa mama mmoja mjane aliyetupa uwanja nyuma ya nyumba yake, mahali pasipo taa. Majirani walipanga foleni na watoto wao. Siku nyingine shule zilituita.

"Prof, hiyo nyota ni mbali kushinda Nairobi?" mmoja aliuliza, watu wakaangua kicheko.

Profesa hakuwa na mke wala mtoto. Ijumaa ndiyo iliyokuwa jamaa yake. Kwa kuwa Kakamega hunyesha karibu kila alasiri, alinipigia simu kwanza mimi dereva wake: "Dere, kuko wazi?" Nikatazama juu, nikamjibu.

Ijumaa moja mawingu yalifunguka kidogo tu. Akaogopa yangejifunga tena. Akabeba darubini begani, akapita moja kwa moja nyuma ya nyumba bila kupiga hodi. Kule, anayezunguka nyumba ya watu gizani kimya ni omulosi, mchawi. Ndani, mjukuu wa yule mama alikuwa na malaria. Shemeji yake mama alitoka na panga, akamtambua profesa, akalishusha.

Jumapili mtoto akafa.

Tulipoenda matangani, shemeji alitukuta langoni.

"Prof, ulitafuta nini nyuma ya nyumba?"

"Nyota, mzee. Si unajua?"

"Nyota ziko juu. Wewe ulipita chini ya dirisha la mtoto."

Profesa akamtazama yule mama. Mama akageuza uso, akaendelea kuchochea moto.

Hatukurudi tena. Shule nazo zikaacha kutuita. Profesa aliendelea kufundisha, lakini jioni alifunga mapazia. Pikapu ikakosa safari, nami nikaanza kuiwaza barabara.

Siku ya kuondoka nilimpelekea funguo nyumbani kwake Lurambi. Giza lilikuwa limeingia. Nilimkuta sebuleni, chai imepoa mbele yake.

"Dere, kuko wazi?"

Nilirudi mlangoni. Hakukuwa na wingu hata moja. Nyota zilijaa hadi juu ya mahindi ya jirani.

"Kumefunga, Prof. Mvua iko karibu."

"Sawa," akasema, akavuta kikombe.

Nikapanda bodaboda hadi steji. Kakamega sijarudi.