Mama Mkwe, Mkongojo na Farasi Aliyenichukia

Siku farasi aliponing'ata bega hadi damu ikalowesha blauzi, mama mkwe wangu alicheka mpaka akashika mbavu.

Sitanii. Alikuwa kakaa dirishani kwake, nyonga imevunjika, daktari kamkataza kusimama, na bado nguvu za kucheka alikuwa nazo.

"Ameshakupima," akasema. "Hujafikia."

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkaniona mtu wa lawama.

Mama mkwe alikuwa mwendesha gari la farasi. Miaka kumi na tisa alibeba saruji kutoka duka la vifaa vya ujenzi hadi kwa watu wanaojenga. Farasi wake, dume la kijivu lenye shingo nene, alimwita Bwana Mkubwa. Mtu mwingine kumgusa? Thubutu.

Kisha akateleza bafuni.

Mume wangu ni dereva wa lori. Nyumbani kwake ni kama kituo cha mafuta, anapita tu. Wifi yangu, dada yake, ndiye aliyekuja kukata shauri.

"Asipopatikana wa kumwendesha huyu ndani ya wiki sita, nampeleka mnadani. Hatufugi pambo."

Mimi ni fundi cherehani. Farasi nilikuwa nawaona kwenye kalenda. Lakini gari lile ndilo lilikuwa linatulisha, nikasema liwalo na liwe.

Wiki ya kwanza nilitumia karoti. Alikula karoti, halafu akanila bega.

Wiki ya pili nilitumia kamba na mabavu. Aliniburuta uani kama gunia, mama mkwe akihesabu mizunguko.

"Mbili! Simama basi, mke wa mwanangu! Tatu!"

Siku ile nililia. Si kwa maumivu, kwa hasira.

Fundi wa viatu vya farasi alipokuja kukagua kwato alinikuta na uso umevimba.

"Dada, kila ukiingia bandani unataka kitu," akaniambia. "Hebu ingia usitake kitu."

Basi nikageuza ndoo karibu na mlango wa banda, nikakaa, nikaanza kushona vifungo vya mashati ya sare. Simwiti. Simtazami. Siku ya kwanza alipiga ukuta mateke mpaka vumbi likanijaa kichwani. Siku ya nne akaacha. Siku ya tisa nikasikia pumzi ya moto kisogoni.

Sikugeuka. Kifungo nikakishona upande usio wake, lakini sikugeuka.

Sasa hapo ndipo maajabu yalipoanza.

Kila akikaribia kunigusa kwa pua, ghafla anapandwa na wazimu. Masikio nyuma, meno nje, mateke. Nakimbilia nje roho mkononi. Kesho yake tunaanza moja. Nikajua nina mkosi.

Mchana mmoja uzi uliniishia. Nikamwacha katulia kabisa, nikazunguka nyuma ya nyumba kufuata mwingine.

Nikamwona mama mkwe.

Alikuwa kaegemea dirisha, mkongojo mkononi, anagonga nondo, hajui nimeshatoka bandani. Ko. Ko. Ko. Taratibu, kama mtu anayebisha hodi. Mlio ule nilikuwa nausikia kila siku, nikidhani ni fundi wa jirani.

Huko bandani, Bwana Mkubwa akalipuka.

Nikakimbilia dirishani.

"Mama! Kumbe ni wewe?"

Hata hakushtuka. "Nilimfundisha zamani, wezi walipotaka kumchukua. Nikigonga, anajua aliye karibu naye ni mwizi."

"Mimi ni mwizi?"

"Unataka kuchukua nini basi pale?"

"Mama, wiki sita zinaisha Jumamosi, wifi anampeleka mnadani! Akishauzwa atakuwa wa nani?"

Akanitazama machoni. "Heri mnada kuliko wewe."

Jamani. Maneno yale yaliingia mpaka kwenye mifupa.

Ningeweza kumnyang'anya ule mkongojo. Nilishanyoosha mkono, nawaambia ukweli. Lakini nikaona vidole vyake vilivyoushika. Vilikuwa vimeung'ang'ania kama hatamu za farasi wake.

Nikarudi kwenye ndoo yangu.

Akagonga. Farasi akarusha teke, mimi nikasogea hatua moja, nikakaa tena. Akagonga tena. Nikamwambia farasi kwa sauti ya chini, "Nipo. Sichukui kitu." Siku tatu tulipigana hivyo, watu wawili na mnyama mmoja katikati. Aligonga asubuhi, akagonga mchana, sauti ikimkauka kwa matusi.

Ijumaa jioni akagonga kwa nguvu zake zote.

Bwana Mkubwa alilaza masikio. Akatazama dirishani. Akanitazama mimi. Kisha akashusha kichwa, akaweka kidevu begani kwangu, mzito kama mfuko wa saruji, akashusha pumzi.

Nikamvisha hatamu. Hakupinga.

Jumamosi wifi alipofika kumchukua farasi, alikuta banda tupu. Mimi nilikuwa dukani napakia saruji, na habari ya mnada ikaishia hapo.

Mnadhani mama mkwe alinikumbatia niliporudi? Thubutu. Hakunisemesha siku tano. Chakula changu alikirudisha sahani imejaa.

Siku ya sita nilikuwa uani namfungia farasi mikanda ya gari, nikasikia sauti nyuma yangu. Alikuwa kajikokota mpaka mlangoni, kashika ukuta, jasho linamtoka.

"Mkanda wa kifua umekaza. Unataka kumchubua?"

"Nionyeshe basi, Mama."

"Sikuonyeshi kwa ajili yako. Ni kwa ajili yake."

"Sawa, Mama."

Akaja, akalegeza tundu moja. Farasi akamnusa kiganja. Yule mwanamke wa chuma akageuza uso upande wa ukuta, mabega yakawa yanacheza. Nikajifanya natafuta kitu chini ya gari.

Wewe unayesoma hapa ukiwa na mtu anayekung'ata, nikuachie hili. Mara nyingi anayekung'ata anaogopa utamchukulia kitu cha mwisho kilichobaki kumfanya awe mtu. Karoti hazitamtuliza, na mabavu ndiyo kabisa. Kaa karibu, usichukue kitu, na uwe tayari kwa mateke.

Farasi alinigharimu wiki sita. Mama mkwe huu ni mwaka wa pili, na jana tu kaniambia saruji napakia kama mtu anayekomoa.

Nimekaa.