Shikamoo ya Fundi

Miaka yote Bibi Evelina haitikii shikamoo ya yule fundi baiskeli wa njia panda ya Lupiro, na sababu anayo. Ndiye aliyemfungia marehemu mumewe kikono cha gia, kile kinachoongoza mnyororo, kisichokaa vizuri, akamwambia, "Utazoea, mzee." Mnyororo ukaruka, mzee akaanguka na gunia la mpunga, akachechemea mpaka kaburini. Siku hizi fundi huuvuta waya wa gia kwa vidole vyeusi vya grisi, akaubana, akauvuta tena kuhakikisha umekaa. Bibi akipita, hutema mate.

Juzi, bibi akipita, mteja alifoka, "Kikono kinacheza kidogo tu, nipe niende!"

Fundi akaishikilia baiskeli. "Sikupi. Mume wa huyu bibi nilimpa hivihivi, nikamvunja mguu."

Bibi akasimama. "Rudia, wasikie wote."

Akarudia, kichwa chini. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hiyo ya leo tu."