Dakika Nne Baada ya Keki

Mwalimu wetu wa shule ya jioni, pale Mangobo, alitukataza kuandika tukiwa na hasira. Alisema mkono unakandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Nilimaliza shule hiyo nikiwa na ndevu na watoto wawili, na mafundisho yake mengi nimeyashika. Hili la hasira linanishinda. Bon, karatasi itoboke.

Ninayemkasirikia alikuwa mkubwa wangu wa kazi kwa miaka tisa. Aliongoza televisheni ndogo hapa Kisangani, na wote tulimwita Directeur. Nasikia hata mke wake alimwita hivyo mezani. Ninayemlilia ni mchekeshaji wa televisheni hiyo hiyo, ambaye mji mzima ulimwita Tonton, utadhani alikuwa mdogo wa baba wa kila mtu.

Tonton alizaliwa upande wa Yanonge, katika familia ya wavuvi, akapanda mto akiwa kijana. Asubuhi alibeba mizigo ya wasafiri kule Bangboka, kwenye uwanja wa ndege. Alasiri alikuja studio na shati lake lenye jasho, akaigiza. Alhamisi saa moja ya jioni mchezo ulipita hewani, na hapo mji ulisimama. Wenye toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, waliwateremsha watu katikati ya barabara na kukimbilia dirisha lolote lenye télé. Kambini Kapalata adui angeweza kuingia saa hiyo, akachukua bunduki zote na sufuria za jikoni, bila mtu kugeuza shingo. Mimi naamini hata mto ulipunguza mwendo.

Hakuna aliyeandika chochote. Waigizaji walikaa nyuma ya studio juu ya kreti tupu za bia, Tonton akagawa kazi: wewe bwana wa nyumba, wewe mama mkwe, mimi mgeni. Yeye alikuwa mgeni siku zote. Kila wiki aliingia nyumba nyingine kusalimia kidogo tu, na mchezo ulipokwisha alikuwa bado amekaa. Waliigiza mara moja, bila kurudia. Kilichotuvunja mbavu hasa ni sauti yake. Ilikuwa nene, ikikwaruza kidogo, kama pirogue, mtumbwi wetu wa mtoni, inayovutwa juu ya mchanga, na haikuwa na haraka hata chembe. Angeweza kusema "asante" tu, na mtu wa nyumba ya tatu akamwaga chai.

Kazi yangu ilikuwa kaseti. Tulikuwa nazo chache, na sheria ya Directeur ilikuwa hii: mchezo ukishapita Alhamisi, Ijumaa kaseti ile ile inarudi kwenye kamera. Kamera hiyo aliikodisha pia kwa arusi za watu wa mjini. Ndiyo kusema Tonton alifutwa na bibi arusi, na bibi arusi akaenda nyumbani kwake na kaseti. Mara moja nilimuuliza Directeur kama hatungeacha hata michezo mizuri zaidi. Aliniuliza ni nani ataangalia kitu mara mbili. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi juu yake. Niseme nililofanya: kila Ijumaa, kwa kidole hiki hiki kinachoshika kalamu, nilibonyeza.

Baadaye ugonjwa ulimshika Tonton kooni. Waganga wa hospitali walimkata, akapona, lakini sauti haikurudi. Mchezo ukafa. Akaishi miaka mingi katika parcelle yake, kiwanja na nyumba yake, kule Tshopo, akiongea kwa mikono na kwa kibao cha shule, na ndipo binti yake akazaa watoto wawili. Watoto hao walimjua babu anayepiga makofi akitaka kuitikiwa. Mkubwa, msichana wa miaka saba, alisikia watu wakimwambia sokoni kwamba babu yake aliwahi kuchekesha mji mzima kwa sauti. Alidhani wanamtania.

Mwaka huu Tonton alikufa.

Siku ya kwanza ya matanga turubai zilifungwa, viti vya plastiki vikajaa mpaka barabarani. Binti yake, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa na ombi moja tu. Hakuomba jeneza la vioo wala fanfare ya matarumbeta. Alitaka watoto wake wamsikie babu yao akiongea, hata mara moja, kabla hajafukiwa. Directeur alifika na miwani myeusi, akaomba mikrofoni. Alisema Tonton ni maktaba ya taifa, kwamba archives zake zote, yaani kaseti zake zote za zamani, zimehifadhiwa vizuri, na kwamba siku ya mazishi, asubuhi, ataonyeshwa hapa hapa mbele ya wajukuu zake. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa mstari wa tatu na kipande cha kwanga, mkate wetu wa muhogo, mdomoni, na kwanga hiyo iligeuka sabuni.

Nilimfuata mpaka kwenye gari lake.

"Directeur, kaseti gani?"

"Zenye mulikuwa munaweka."

"Hatukuweka. Mulisema tufute."

Alifunga mkanda wa gari polepole. "Wewe njo ulikuwa responsable wa kaseti. Alors, utafute."

Akaondoka. Nimewahi kukasirika maishani: na umeme, na mvua, na shemeji zangu wote sita. Lakini hasira hii ilinianzia kwenye viatu. Mtu ameahidi hewa mbele ya maiti, kisha amenikabidhi mimi hiyo hewa niitafutie mfuniko.

Na bado sikumwambia binti. Nilienda kwangu na ulimi wangu mfukoni. Kesho yake nilirudi na kumkuta barazani kwenye cherehani, akishona pagne za matanga, zile za kitambaa kimoja ambazo ukoo wote huvaa siku ya kuzika. Aliniuliza, pini zikiwa katikati ya midomo, ni wapi télé iwekwe ili watoto waone vizuri. Alisema yule mkubwa hajalala. Anauliza kama babu atamtaja jina.

Hapo nikashindwa. Nikamwambia hakuna kaseti.

Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Nani alifuta?"

"Mimi."

Nilingoja anitukane. Ingekuwa dawa. Alirudisha mguu kwenye cherehani, na kabla sindano haijaanza akasema, "Basi wewe njo utawaambia batoto."

Nilitembea kutoka Tshopo mpaka katikati ya mji bila kuona magari. Nilikuwa namtukana Directeur kwa Kiswahili, kwa Lingala, na kwa Kifaransa chote cha shule ya jioni, pamoja na vitenzi vigumu. Ni katika kumtukana hivyo nilipofika kwenye uvivu wake, na uvivu wake ukanisimamisha barabarani. Mchezo wa Tonton ulikuwa wa saa nzima. Arusi nyingi zilikuwa fupi kuliko hapo, kwa sababu Directeur alichoka mapema na kutuamuru tukunje waya mara tu keki ilipokatwa. Arusi ilifuta mwanzo wa kaseti. Mwisho wake hatukuugusa. Hakuna aliyejisumbua.

Kwa hiyo Tonton, kama alikuwa amebaki popote duniani, alikuwa amekaa nyuma ya keki ya mtu.

Mazishi yalikuwa kesho. Niliazima baiskeli na kuanza kugonga milango ya watu tuliowapiga picha zamani. Naweza kusema nyumba mia mbili. Tuseme kumi na moja. Katika ya kwanza utepe wa kaseti ulikuwa unafunga vitunguu. Katika nyingine ndoa yenyewe ilikuwa imekufa, na mama akaniambia kwa furaha kubwa kwamba kaseti aliichoma uani na kuota moto wake. Katika ya tano panya walikuwa wamekula arusi, wageni na maharusi. Nilizidi kukanyaga pedali. Kila mlango uliofungwa nilimwongezea Directeur mwaka mmoja jehanamu, na mimi mwenyewe nikajiongezea miezi sita.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya wauza vitambaa, Waislamu wa zamani wa mji huu, karibu na msikiti. Bibi wa nyumba alikuwa ameketi sebuleni. Nilianza maelezo marefu kuhusu arusi ya mwanawe, mwaka gani, ukumbi gani. Alininyamazisha kwa mkono.

"Unatafuta ile yenye kuwa kisha keki."

Nikakaa chini bila kuambiwa.

Alinieleza kwamba wao wanajua tangu zamani. Keki inakatwa, télé inafanya theluji kidogo, halafu Tonton huyo, dakika nne nzima, amekaa kwenye kiti cha watu. Kila Idi ukoo unakusanyika na kuangalia. Marehemu mume wake, Mungu amsamehe, alikuwa anakimbiza arusi ya mtoto wake mwenyewe ili afike haraka kwa Tonton, na bibi arusi alinuna mwaka mzima kwa sababu hiyo.

Nilimwomba kaseti. Alikataa. Ndani yake kuna wanawake wa nyumba hii wanacheza bila kujifunika, alisema, na hilo si la kuonyesha matangani kwa watu. Nilimweleza kuhusu yule msichana wa miaka saba. Alifikiri, akaagiza aletewe vazi lake la kutokea.

"Kaseti haitoke bila mimi. Nitakaa ku mashine mimi mwenyewe."

Mashine ya kuchezea alikuwa nayo, imefungwa kitambaa kama mtoto mchanga. Asubuhi ya mazishi nilimpeleka kwa toleka, amekaa upande nyuma yangu, mashine mapajani, kaseti kifuani ndani ya nguo. Kila shimo la barabara lilipotupiga alinikumbusha wazazi wangu kwa matusi.

Tulipofika aliweka kaseti mwenyewe, kioo cha télé amekifunika kwa kanga yake, akasikiliza arusi ikipita mpaka ngoma ziliponyamaza. Akasimamisha. Watoto wa binti walikuwa wameketi mkekani mbele kabisa, wamevaa kitambaa cha ukoo. Jeneza lilikuwa upande wa kushoto. Na hapo Directeur akaingia, na mpiga picha wake, akaona télé, akaona mashine. Mtu yule hakushangaa hata dakika. Alichukua mikrofoni.

Alisema kama alivyoahidi, chaîne yake ya televisheni imefungua archives zake. Alisema hii ni kazi ya miaka ya uhifadhi. Halafu akamwinamia yule bibi na kumwomba, mikrofoni ikiwa wazi, kwamba baada ya shughuli amrudishie kaseti, kwa kuwa ni mali ya televisheni.

Sikumbuki kusimama. Nakumbuka mikrofoni ikiwa kwangu.

"Hakuna archives," nilisema. "Tulimfuta. Kila Ijumaa tulimfuta. Huyu aliamuru, mimi nikabonyeza. Kilichobaki ni dakika nne, na zimewekwa na uyu mama. Televisheni haikuweka kitu."

Directeur alifungua mdomo. Yule bibi, ambaye hakuwa amegeuka, alimgonga mguuni kwa fimbo yake ya kutembelea.

"Mwanangu, toka mbele ya télé. Unafunika."

Akavuta kanga.

Katika dakika hizo nne, Tonton ananyamaza karibu tatu. Mama mkwe ndiye anayeongea; anamweleza kwa heshima zote kwamba jua linazama, kwamba njia ya Mangobo ni mbaya, kwamba kuna wagonjwa ndani. Tonton anamsikiliza. Anaitikia kwa kichwa. Anavua kiatu kimoja. Watu walianza kucheka hapo kwenye kiatu, wale wenye umri wangu, na wengine walicheka wakilia. Wale watoto wawili hawakucheka. Walikuwa wanangoja mdomo wake.

Kisha akasema, "Mama, usijisumbue na chakula. Ile yenye mutakula nyinyi itanitosha."

Basi. Picha ikakatika.

Msichana aliinuka, akaenda kuweka sikio kwenye télé, pale sauti inapotokea. Bibi alirudisha nyuma bila kuombwa. Tonton akasema tena. Akasema tena. Mchungaji aliangalia saa yake, kisha akaacha kuangalia. Mara ya saba au ya nane yule mdogo ndiye aliyeangua kicheko, na mama yao, binti wa Tonton, akashika ukingo wa jeneza na kuinama. Directeur sikumwona akiondoka. Gari lake halikuwapo tulipotoka kwenda kuzika. Kaseti ilirudi kifuani kwa bibi, na amemwambia binti kwamba Idi ijayo walete watoto.

Makaburini msichana alikuja akasimama karibu nami. Pagne yake mpya ilikuwa imeingia udongo.

"Zingine ziko wapi?" aliuliza.

Mama yake alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, na alikuwa anasikia. Nikachuchumaa ili macho yetu yalingane. Nilimwambia zilikuwa nyingi, miaka saba ya Alhamisi, na kwamba nilizifuta mimi. Nilimwambia mkubwa wangu aliniagiza, na kwamba kaseti zilikuwa chache.

Alifikiri kwa bidii, kama anatafuta mahali pa kunisaidia.

"Mungeacha hata moja," alisema.

Nikamwambia ndiyo. Tungeacha hata moja.