Ukuta wa Banda la Bustanini

Baba aliniomba kitu kimoja tu: nizibe bati la banda la bustanini, kwa sababu mvua ilikuwa inavuja juu ya mbegu zake. Yote yaliyozidi hapo niliyaongeza mwenyewe.

Nilikuwa nimerudi Ulemo kumtunza baada ya mama kufariki. Kabla ya hapo nilikuwa fundi cherehani Manyoni, na cherehani ilinifundisha kutotupa kitu. Kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja nakiweka, iko siku kitakuwa kiraka. Ndugu zangu wananiita mkono wa birika, nami nacheka nao. Siku hizi nacheka kidogo.

Macho ya baba yalikuwa yameisha. Alitofautisha mchana na usiku, basi. Lakini kushikwa mkono hakutaka. Ukimsogelea kumwongoza alikusukuma kwa fimbo, akisema, "Mimi si mbuzi wa kuvutwa." Matokeo yake hakwenda tena kanisani wala dukani. Palibaki mahali pamoja tu alipojiendea mwenyewe, napo ni bandani. Kila asubuhi baada ya uji alifuata uzio wa minyaa, akafika, akaweka kiganja ukutani na kuzunguka nacho polepole mpaka mlangoni. Nilidhani anajiegemeza. Ndani alikaa juu ya debe akichambua mbegu kwa vidole, akiimba vipande vya nyimbo za kanisani. Saa hizo mbili tatu ndizo zilizokuwa zinamweka hai. Nalijua hilo, na ndiyo maana nilitaka banda lipendeze.

Lilikuwa banda la miti na udongo, limeinama upande, ukuta una nyufa. Nyumba kubwa sisi watoto tulikuwa tumeshaipiga plasta ya saruji, kwa hiyo banda likawa linatuaibisha, limekaa nyuma yake na matope yake. Mdogo wangu alipompeleka baba Singida mjini kwa daktari wa macho, nikajua nina siku tatu. Nikafunga kibwebwe.

Bati nilitoa kwenye bafu la zamani lililoanguka. Misumari niliing'oa humohumo, nikainyoosha juu ya jiwe, na kila msumari nikauvalisha kizibo cha soda na kipande cha mpira wa tairi ili maji yasipite. Fundi wa bodaboda alinipa oili chafu bure, nikaipaka kwenye nguzo na mlango dhidi ya mchwa. Mpaka jioni ya siku ya kwanza nilikuwa sijatoa hata senti. Nilijisifu kwa sauti, peke yangu, bustanini.

Ukabaki ukuta. Udongo mzuri wa kusiriba unatoka kwenye kichuguu, na kichuguu cha karibu kiko mbali kiasi cha kukuvunja kiuno kwa ndoo. Nikajiambia, udongo wa kichuguu si huu hapa, umeshaletwa zamani? Nikachukua jembe bovu, nikaanza kukwangua siriba ya zamani.

Huku kwetu mwanamke akimaliza kusiriba hupitisha vidole juu ya udongo mbichi, upinde juu ya upinde, na kila mmoja ana mkono wake. Siriba ile ilikuwa ya mama, ya mwaka wake wa mwisho wa kuwa na nguvu. Kidole chake cha kati kilikatwa na mundu wakati wa kuvuna mtama, akiwa bado msichana. Kwa hiyo kila upinde wake ulikuwa na mstari mmoja, halafu pengo, halafu miwili. Nililiona pengo. Nilisimama kidogo na jembe mkononi. Nikaona ukuta umekaa kama kazi ya mtu asiyejua, nikaendelea kukwangua. Udongo wote niliuponda, nikauchekecha, nikauchanganya na majivu na kinyesi cha ng'ombe, nikausiriba upya, laini kabisa, ndani na nje. Majirani walisimama kwenye uzio kunipongeza.

Walirudi siku ya tatu mchana. Mdogo wangu alinitikisia kichwa kabla hajateremka kwenye pikipiki: daktari amesema hakuna la kufanya tena.

"Shikamoo baba. Pole na safari."

"Marahaba." Hakusimama. Alikamata uzio na kuufuata moja kwa moja mpaka bandani. Mimi nyuma yake, nimebana kicheko kama mtoto aliyeficha zawadi.

Akaweka kiganja ukutani. Akakipandisha, akakishusha. Akasogea hatua moja, akarudi.

"Nani amesiriba hapa?"

"Ni mimi, baba. Nimesiriba lote."

"Udongo wa zamani umeutupa wapi?"

"Sikuutupa. Nimeuponda, nikauloweka, ndio huohuo." Bado nilikuwa na majivuno, Mungu anisamehe.

Aliendelea kupapasa, sasa kwa mikono miwili, fimbo imeanguka chini. Alifika kwenye kona akaipita. Alitafuta mlango upande usio na mlango.

"Hapa palikuwa na pengo na vidole viwili," alisema. "Vikipanda, nimefika kwenye kona. Vikishuka, mlango. Nilikuwa namfuata mama yako mpaka mlangoni."

Nilitaka kumwambia kwamba ukuta ulikuwa umeshapukutika, kwamba hapakuwa na kitu cha kuokoa.

"Wakati unakwangua," aliuliza, "uliliona pengo?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini uso wake ulikuwa umenielekea, nikashindwa.

"Niliona, baba."

Nikaokota fimbo yake nikamgusisha mkononi. Aliibana kwapani, akanyoosha mkono mwingine kuelekea sauti yangu, kiganja juu.

"Nishike," alisema. "Unirudishe nyumbani."

Nilimshika. Alinifuata hatua kwa hatua, bila ubishi, mpaka kwenye kiti cha barazani. Njia nzima nilitamani anisukume kwa fimbo.