Siku Thirza Alipokuwa Gonguzla

Mjukuu wa Thirza, kumbe una uso wa kuniandikia mimi. Kalamu inanichosha kuliko kamba iliyolowa, na shule sisi watu wa mfereji hatukukaa siku mbili mfululizo. Lakini umeuliza maana ya gonguzla, na sitaki ujibiwe na mwingine.

Gonguzla ni mtu anayesimama kando ya mfereji akizikodolea macho mashua zetu, mikono mfukoni. Lilikotoka neno silijui. Mwalimu mmoja aliniambia ni maneno mawili ya watu wa Lincolnshire, hapa Uingereza, yaliyofungwa pamoja, yote mawili ni kutazama tu. Kwetu lilikuwa tusi. Mtu wa mashua akimkuta mwenzake lokini, kwenye kile chumba cha mawe chenye milango ambamo maji hupandisha na kushusha mashua, hata kama hawasemezani, huweka chini alichobeba akamsaidia milango.

Baba alipofariki, mashua tukabaki nayo mimi na bibi yako. Ilikuwa ya kampuni, na wakala alishasema mwanamke mmoja peke yake hatamwachia. Thirza akaenda nchi kavu kuolewa na muuza vitambaa.

"Pasaka nitakuwa nimerudi usukani, dada," aliniambia. Nami nikamwambia wakala hivyohivyo.

Jumatatu ya Pasaka nilikuwa nashuka loki za Buckby peke yangu. Niliinua kibao cha kutolea maji kwenye mlango wa chini, nikarudi mashuani kuisogeza mbele. Kamba ikanasa. Maji yakashuka, tezi, nyuma ya mashua, ikakalia kizingiti cha mawe kilichokuwa chini ya maji, na omo, mbele yake, ikawa inazama. Nikainua kichwa. Watu wamejaa, na Thirza yuko palepale mlangoni na glavu nyeupe, kando ya mama mkwe wake.

"Thirza, angusha kibao!"

Ni kugonga kijino cha chuma kinachokishikilia tu, kibao kidondoke, maji yasimame. Kazi hiyo aliifanya tangu ana miaka sita.

"Unamjua yule?" mama mkwe akamuuliza.

"Nimjulie wapi? Watu wa mashua hao, humpigia kelele kila mtu."

Mashua ikaenda chini na makaa yote, na kitanda cha mama, na ndoo ambayo baba aliichora mawaridi. Wakala hata hakuuliza Thirza yuko wapi. Tangu hapo naosha sahani za watu katika nyumba isiyosogea.

Nimekujibu. Sasa nenda kwa bibi yako, mtazame machoni, muulize kama zile glavu bado ni nyeupe. Atakachosema kiandike kwa herufi kubwa, nikisome mwenyewe.