Viti vya Shangazi Domitila

Enzi zetu za kurudi Burundi, mtoto aliyetoka Tanzania alijulikana kabla hajafungua mdomo. Tulienda kanisani na kandambili, tuliwaamkia wakubwa kwa "shikamoo" wakatucheka, na tulipocheza rede kwenye uwanja wa shule Makebuko, wenzetu walisimama pembeni wakitutazama kama watu wa sarakasi. Mliorudi miaka ile mnajua ninachosema. Kirundi tulikuwa nacho, maana wazazi walitufunza nyumbani, kwenye makazi ya wakimbizi. Hesabu tuliziweza. Kilichotushinda ni Kifaransa. Mimi Speciose, niliyekuwa wa kwanza darasani kule Tanzania, nilirudishwa nikae na watoto wa darasa la pili, magoti yakigonga dawati, tukiimba kwa pamoja: le père, baba, la mère, mama, le frère, kaka, la sœur, dada.

Tulicheka pia. Tulishangaa Wafaransa ni watu gani hao, wanaorusha ndege angani lakini shangazi na mama mdogo wote wanawaita tante. Mama aliposikia hivyo, akiwa anachambua maharagwe, alisema, "Mtu asiyejua shangazi ni nani na mama mdogo ni nani, siku ya mahari atamkalisha nani wapi?"

Baba hakucheka. Alinitazama nikihangaika na watoto wadogo, na likizo ya kiangazi ilipofika akaamua kunipeleka Muyinga kwa dada yake, Shangazi Domitila.

Niwaeleze habari za shangazi huyo. Familia ya baba ilipokimbia vita kwenda Tanzania, baba alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Domitila alikuwa anasoma bweni kwa masista, hakuna aliyeweza kumfuata. Akabaki Burundi, akawa mwalimu wa Kifaransa, akaolewa. Kisha vita vingine vikaja, na kwa siku moja akapoteza mume, watoto wawili wa kiume, binti mmoja na mama mkwe. Baba aliporudi na kumwona kwa mara ya kwanza, walipeana mikono kama wageni waliokutana ofisini.

"Nenda," baba aliniambia. "Utarudi unaongea kama padri."

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya matofali ya kuchoma, pembeni ya mtaa wa Waswahili, na vumbi jekundu la kiangazi lilikuwa limepanda hadi nusu ya kuta. Ng'ambo ya ua wa miti ya miyenzi aliishi Bibi Zaituni, fundi cherehani, ambaye alishona huku pini zimejaa mdomoni na bado anaongea. Kwake kulinukia vitumbua. Kwa shangazi kulinukia sabuni. Shangazi mwenyewe alikuwa mrefu, mkimya, gauni lake la kijivu limenyooshwa kwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata kidole.

Siku ya kwanza, saa sita mchana, jua likiwa utosini, alifunga madirisha yote ya mbao. Ndani kukawa giza la kijivujivu. Kulikuwa na meza ndefu na viti sita. Alipakua maharagwe na ndizi kwenye sahani sita, akanipa mimi ya saba na kigoda cha pembeni.

"Dis bonjour à ton oncle," akasema, akionyesha kiti cha mbele. Nilipoduwaa akarudia kwa Kirundi: msalimie mume wangu.

"Bonjour, mon oncle," nikakiambia kiti.

Shangazi akasubiri, kama anavyosubiri mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kujibu. Kisha akaitikia kwa kichwa. "Anasema wewe ni mkubwa kuliko alivyofikiri."

Basi ndivyo nilivyojifunza Kifaransa. Nikamsalimu la grand-mère, yule mama mkwe. Nikawasalimu mes cousins, mkubwa kisha mdogo. Nikamsalimu ma cousine Odette, yule binti, kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mwalimu wa Makebuko angenipiga fimbo mwaka mzima nisishike maneno niliyoyashika kwa wiki moja, kwa sababu neno ukiliambia kiti kila mchana halikutoki tena. Baada ya kula, shangazi alibeba zile sahani nyuma ya nyumba na kuzirudisha tupu. Hakuwa na kuku wala mbwa. Mpaka leo sijui chakula kile kilikwenda wapi.

Wiki ya pili, mchana mmoja, alivuta kile kiti cha dirishani. "Assieds-toi."

Nikakaa. Kilikuwa na joto, ingawa dirisha lilifungwa tangu asubuhi.

Kesho yake nilikuta gauni la njano lenye kola nyeupe kitandani kwangu. Lilinikaa kama nilipimwa. Kuanzia hapo shangazi akawa ananiita ma fille, binti yangu, na hakukisalimia tena kile kiti. Sitawadanganya kwamba nilichukia. Kwetu tulilala watoto sita kwenye mkeka mmoja. Hakuna aliyewahi kunichana nywele peke yangu, polepole, na kunipa chai ya maziwa ambayo sikuigawa na mtu.

Halafu likaja jambo la ufunguo. Shangazi alikuwa akitafuta ufunguo wa stoo, akigeuza vikapu na mito. Mimi niliinuka, nikapanda kigoda, nikapapasa juu ya fremu ya mlango wa nyuma, nikauleta. Hakuna aliyekuwa ameniambia uko pale. Shangazi aliutazama ufunguo, akanitazama mimi, akaanza kucheka taratibu huku machozi yanamtoka. Nilikuwa na hakika nimeuweka pale mwenyewe, zamani.

Bibi Zaituni ndiye aliyeona. Nilikuwa naanika nguo, nimevaa lile gauni la njano, naye yuko upande wake wa ua.

"We mtoto, hii robe iko ya nani?"

"Yangu."

"Ah bon? Na jina yako ni nani vile?"

"Odette," nikasema.

Alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitenge chake bila kuziangalia. "Odette mwenyewe, hiyo robe mi ndo nilimshonea. Na nguo ya mwisho, mi ndo nilimvalisha. Karibia hapa. Sema tena jina yako."

Nikafungua mdomo. Nililitafuta jina langu kama nilivyokuwa nikitafuta maneno ya Kifaransa darasani, na halikuwepo.

Bibi Zaituni hakusema neno kwa shangazi. Alimpa ujumbe dereva mmoja wa teksi ya probox aliyekuwa anakwenda Gitega kupitia Karusi, upande wa kwetu, na siku chache baadaye baba akatokea mlangoni. Ilikuwa mchana, tuko mezani, madirisha yamefungwa.

"Speciose, chukua vitu vyako twende."

Sikugeuka. Haikuwa jeuri. Nilidhani anamwita mtu mwingine.

Shangazi akaniwekea mkono begani. "Mwambie, ma fille. Mimi ni nani kwako?"

"Maman," nikajibu, na neno likatoka laini, bila kukwama.

Nilitegemea baba angepiga kelele. Badala yake alivua kofia, akaingia, akasimama nyuma ya kiti cha mbele. "Dada, huyu ni nani?" Shangazi akamtajia. "Amahoro, shemeji," baba akakiambia kiti. Akaenda cha pili, akauliza, akasalimia. Cha tatu. Cha nne. Alipofika kwangu hakuuliza mimi ni nani; alimgeukia dada yake.

"Na mimi ninakaa wapi? Mama mkwe umemwekea kiti. Mdogo wako hukumwekea."

"Sikujua kama uko hai."

"Hata waliokufa umewawekea."

"Waliokufa niliwaona!" shangazi akasema, na ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza sauti. "Ninyi mlipotea tu. Nilirudi kutoka shule nikakuta nyumba wazi. Ningemwekaje mezani mtu nisiyejua nimlilie au nimsubiri?"

Kisha akainuka kwenye kiti chake mwenyewe, akakisukuma kuelekea kwa baba. Baba akakaa, akavuta sahani ya dada yake, akaanza kula.

"Chumvi hii ni kipimo cha mama yetu," akasema.

Shangazi alishuka magotini pale pale kwenye sakafu. "Mama alikufa lini?"

Hakuwahi kuuliza, na baba hakuwahi kusema. Sasa alisema yote: ugonjwa, kitanda cha kamba, jinsi bibi, mama yao, alivyokuwa akilitaja jina la Domitila kila anapohesabu watoto wake. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Halafu akajifuta uso, akanigeukia.

"Speciose," akasema, "mletee baba yako maji."

Nikainuka, nikaenda. Jina lilikuwa langu.

Tuliondoka kesho yake, nikiwa na gauni langu la zamani na vitumbua vya Bibi Zaituni kwenye karatasi. Nilivushwa madarasa, na mwalimu alishangaa kwa nini ninaongea Kifaransa cha wanawake wazee. Krismasi ile shangazi alikuja Makebuko, na kila mwaka baada ya hapo, akafundisha watoto wa waliorudi nje ya nyumba yetu, juani, mpaka uzee ulipomchukua.

Leo ninaishi Gitega, na wanangu wanajifunza Kifaransa kwenye simu. Sauti ya mwanamke asiye na uso inasema la tante, nao wanarudia huku wanatafuna mandazi. Kila mwanamume mwenye shati safi kwao ni tonton, yaani mjomba, na kila muuza ndizi ni tantine. Waulize dada ya babu yao aliitwa nani, watakutazama kama uliyewaomba namba ya siri. Hawaogopi kitu, na mimi sitaki waogope nilivyoogopa. Lakini mchana, nyumba ikitulia, simu ikasema neno, mtoto akalirudia, kisha kimya, mara nyingi najikuta nimesimama jikoni na mwiko mkononi, nikisubiri mtu wa tatu aitikie.