Nyuzi Nene Kwenye Mazishi ya Baba Mkwe

Kuna aibu ambazo mtu huzizoea mpaka akazisimulia huku akicheka, na kuna hii yangu ya Karungu, ambayo hata leo nikiikumbuka nikiwa kazini mguu wangu huacha kukanyaga cherehani wenyewe, na mteja anayengoja suruali mlangoni huniuliza kama uzi umekatika. Namwambia ndiyo, umekatika. Ni rahisi kuliko kumweleza kwamba mimi ndiye yule mtu aliyefanya jeneza la baba mkwe wake likwame kaburini upande wa kichwa ukiwa chini, mbele ya wakwe wote, pasta, kwaya mbili na watu waliokuwa wametoka mbali kama Kendu Bay. Lakini nyinyi ni watu wangu, ngojeni niwaambie ilivyokuwa.

Mimi ni fundi nguo hapa Migori mjini, na miaka ya tisini ikielekea kuisha nilikuwa pia mpiga gitaa wa kanisa letu, si kwa sababu nilijua sana, ni kwa sababu gitaa lilikuwa langu. Lilikuwa gitaa kavu, lile la mbao lisilotaka umeme, nililinunua kwa mwalimu mmoja aliyehamishwa. Shida yangu kubwa ilikuwa jasho. Viganja vyangu vinatoka maji (mke wangu Akinyi anasema siku ya harusi alidhani nimetoka kunawa), na jasho hilo likikutana na nyuzi za chuma na unyevu wa huku kwetu, muda si muda nyuzi zimekuwa nyeusi, zimeshika kutu, na sauti imekufa kama unagonga bati lililofunikwa blanketi.

Baba mkwe wangu, Mzee Odero wa Karungu, alikuwa mtu wa maneno machache sana. Lakini nikienda kwao na gitaa alikuwa anasogeza kiti chake mpaka pale nilipokaa, anafumba macho, na nikimaliza anasema, "Tena." Ni hilo tu. Kwangu mimi, mkwe ambaye mbele ya mama mkwe hata kukohoa nilikuwa nafikiria mara mbili, neno hilo moja lilinitosha mwaka mzima. Kwa hivyo alipolazwa Homa Bay na Akinyi akaenda kumuuguza, siku moja akarudi nyumbani amechoka, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akaniambia baba amesema siku yake ikifika yule fundi ampigie ule wimbo wa kanisa alioupenda, wakati wanamshusha. Nilienda nikalitoa gitaa kwenye mfuko wake nikaliangalia, na nyuzi zilikuwa nyeusi tititi.

Mzee akafariki. Nilikuwa na safari ya Kisumu kununua bitana na vifungo, nikaona nipite kwenye duka moja lililokuwa likiuza ngoma na vinanda, nitafute nyuzi mpya za siku hiyo. Mwenye duka akanitolea aina ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Zilikuwa zimepakwa utando mwembamba, kama plastiki isiyoonekana, ndiyo jasho na kutu visipate njia ya kuingia, na akaniambia kwamba wakati za kawaida zinakufa kwa wiki chache, hizi zitakaa miezi. Nilizigusa. Zilikuwa laini, zinateleza kama uzi uliopitishwa kwenye nta. Nikasema moyoni, Mzee Odero, hizi ndizo zako.

Sasa zilikuwa za namna mbili, nyembamba na nene. Mwenye duka hakuwa mpiga gitaa, nilipomuuliza zipi zinadumu zaidi aliinua mabega tu. Na hapo ndipo mimi, kwa akili yangu ya ufundi nguo, niliamua kitu kidogo ambacho kilinichukua sekunde, na ndicho kilichonimaliza. Nilijiambia uzi ni uzi. Suruali ya mchimba dhahabu wa Macalder huwezi kuishona kwa uzi wa blauzi, lazima uzi mnene, ndiyo udumu. Basi nikachukua nyuzi nene. Sikufikiria kabisa kwamba uzi mnene wa gitaa, ili utoe sauti ile ile, unataka kukazwa kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo yote inavuta kile kipande cha mbao kilichobandikwa tumboni mwa gitaa kushika nyuzi, wanachokiita daraja. Na daraja la gitaa langu (hili nalo nilikuwa nalijua, nikalisahau) lilikuwa limewahi kuinuka kidogo nikalibandika mwenyewe kwa gundi ya seremala.

Siku moja kabla ya mazishi tulikuwa tayari Karungu. Nilikaa nyuma ya hema la wakwe nikafunga zile nyuzi, na niwaambie ukweli, sauti iliyotoka sikuwa nimewahi kuisikia kwenye gitaa lile. Ilikuwa nzito, safi, kama gitaa limeenda shule likarudi. Vijana wa boma wakaja kusikiliza. Shemeji yangu Ouma, kifungua mimba wa mzee, mtu mrefu asiyecheka ovyo, naye akaja akasimama, akauliza ni kitu gani kimebadilika. Hapo ningeweza kusema ni nyuzi mpya, basi. Lakini nilikuwa mkwe, na mkwe akipata nafasi ya kusifiwa ukweni haiachi ipite, nikaanza kueleza kuhusu utando, na jasho, na kutu, nikasema hata nikizitumbukiza ziwani nyuzi hizi zitatoka zikiimba. Ouma alitikisa kichwa polepole, akaenda. Kumbe alienda kumwambia pasta, na kesho yake asubuhi pasta akatangaza kwa kipaza sauti kwamba mkwe wetu kutoka Migori ameleta gitaa la pekee kwa ajili ya mzee, na tutalisikia kaburini.

Asubuhi hiyo niliona nyuzi zimeinuka, ziko mbali na shingo ya gitaa kuliko jana, na tumbo lake limevimba kidogo kama mtu aliyekula viazi baridi. Nilidhani ni ugeni wa nyuzi, zitatulia. Nikaliegemeza gitaa kwenye nguzo ya hema, na jua lilipozunguka likalikuta pale, likalichoma wakati wote wa hotuba (na mnajua hotuba za matanga ya kwetu, kila aliyewahi kusoma na marehemu lazima aseme). Gundi ile ilikuwa inapikwa, na mimi nilikuwa nimekaa mbele na wakwe wenzangu nimekunja mikono kwa heshima.

Tulipofika kaburini kwaya ya kina mama ikaanzisha wimbo juu kuliko nilivyozoea. Nilijaribu kuwafuata kwa kidole, haikuwezekana, gitaa lilikuwa chini na wao juu, na watu walikuwa wameanza kuniangalia, wakingoja lile gitaa la pekee. Pasta akasimamisha wimbo aombe kwanza. Basi wakati watu wote wamefumba macho, mimi nilifungua yangu nikaanza kukaza nyuzi, moja baada ya nyingine, polepole, niwafikie kina mama. Nilisikia mbao ikilia ndani, sauti ndogo kama kitanda cha zamani. Nikakaza tena kidogo.

Pasta akasema amina. Ouma na wenzake wakashika kamba, wawili upande wa kichwa na wawili upande wa miguu, wakaliinua jeneza, wakaanza kulishusha. Nikapiga. Ubeti wa kwanza ulienda vizuri, jamani, ulienda vizuri hivi kwamba nilimwona mama mkwe ameinua uso wake kutoka kwenye leso kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikajisikia mtu. Nikaingia ubeti wa pili kwa nguvu.

Daraja likang'oka. Haikuwa sauti ya kitu kinachokatika, ilikuwa mshindo, paa, kama risasi, na kile kipande cha mbao kikaruka na nyuzi zake zote kikanipiga shavuni, na kwa vile watu wa upande wetu wanaishi na habari za wezi wa ng'ombe wenye bunduki, mtu mmoja nyuma alisema "bunduki" na nusu ya watu wakalala chini na wengine wakapita kwenye ua wa mkonge bila kutafuta mlango. Hayo yangekuwa madogo. Lakini mmoja wa wale wawili waliokuwa upande wa kichwa, binamu yake Ouma, alishtuka akaachia kamba. Ouma peke yake hakuweza kushika. Jeneza likateremka upande wa kichwa, likagonga ukuta wa kaburi, likakwama hapo limeinama, miguu ya mzee ikiwa juu.

Sitawaeleza kilio cha wanawake. Nitawaeleza kimya kilichofuata, kwa sababu ndicho ninachokisikia mpaka leo. Watu walirudi mmoja mmoja wakipangusa vumbi. Wanaume wawili wakaingia kaburini kulinyoosha jeneza, likakataa, na kila walipolisukuma udongo ulimwagika juu ya kifuniko. Nikasikia mzee mmoja akimwambia mwenzake kwa Kijaluo, taratibu, kwamba Odero amekataa kushuka. Mwingine akauliza, amekataa kwa nini, kuna nini hapa ambacho hakipendi. Neno hilo likazunguka lile kaburi kama moshi, na lilipomaliza kuzunguka, macho yote yakawa kwangu, mimi mkwe, niliyesimama na gitaa lililopasuka tumbo, damu inanitoka shavuni. Akinyi alikuwa upande wa pili na dada zake. Hakuniangalia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko shavu.

Nilitamani sana kunyamaza. Lakini niliwaza, nikinyamaza, mzee huyu atazikwa na maneno haya juu yake, na watoto wake watakaa miaka wakiulizana baba alikataa nini. Basi nikaliinua gitaa watu wote waone, nikasema kwa Kijaluo changu kinachotetemeka kwamba mzee hajakataa kitu, ni mimi, nilinunua nyuzi nene nikidhani zitadumu, nikazikaza kupita kiasi ili nionekane, na gundi ikaachia. Nikawaonyesha mahali gundi ilipokuwa, pameng'oka peupe. Nikasema, "Kosa ni la fundi, si la marehemu."

Ouma alikuwa amepiga goti ukingoni, kamba imemkata kiganja, akaniangalia kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Halafu mama mkwe akasimama. Mnajua kwetu mama mkwe haongei na mkwe ovyo mbele za watu, kukiwa na jambo hutuma mtu. Siku hiyo hakutuma mtu. Alitembea mpaka ukingoni, akaangalia chini kwa mume wake, akasema, "Odero hajawahi kukataa kitu bila kusema." Kisha akanigeukia, akaniita kwa jina la mtoto wangu. "Baba Awino, wimbo haukuwa umeisha. Maliza."

Nikamwambia, mama, gitaa limekufa.

"Ni gitaa lililopasuka," akasema. "Mdomo wako sijaona umepasuka."

Sasa lazima mjue kwamba mimi siwezi kuimba. Kanisani nilikuwa nimejificha nyuma ya gitaa miaka yote kwa sababu hiyo hasa. Sauti yangu ni kama mlango, na siku hiyo ilikuwa na kwikwi juu yake. Lakini mama mkwe amesema, na amesema mwenyewe. Nikaliweka gitaa chini kwenye nyasi, nikaanza ubeti wa pili peke yangu, chini sana, mahali ambapo hakuna mama wa kwaya ambaye angeweza kunifuata. Nikakosea neno, nikarudia. Wale waliokuwa kaburini wakapitisha kamba tena chini ya jeneza, Ouma akafunga kiganja chake kwa kitambaa akashika upande wa kichwa, na nilipofika kwenye kiitikio nikasikia sauti nyingine imeingia karibu yangu, nene, haina haraka. Alikuwa ni Ouma. Kisha wazee wakaingia, kisha kina mama wakashuka kutoka kule juu walikokuwa wakatufuata, na jeneza likainuka, likanyooka, likashuka taratibu mpaka chini. Hakuna mtu aliyesema tena kwamba mzee amekataa.

Jioni, wageni walipopungua, Ouma alikuja kwenye hema la wakwe na beseni la maji ya chumvi kwa ajili ya shavu langu. Alikaa. Nikamwomba msamaha tena, akasema yaishe. Tukaangalia omena, wale dagaa wa ziwani, zilizoanikwa kwa jirani zikitolewa juani. Halafu akaniuliza, uso wake ukiwa bado ule ule wa mazishini, kama ni kweli nyuzi zile zingeimba nikizitumbukiza ziwani. Nikaanza kumjibu, nikaona mabega yake yanatikisika, na sikujua anacheka au analia, na nadhani hata yeye hakujua. Nilimshika bega mpaka akatulia.

Tangu hapo kule Karungu naitwa Baruti, na wanangu wakienda kwa nyanya yao wanaitwa watoto wa Baruti. Nimekubali. Gitaa lilitengenezwa na fundi anayejua kazi, na nyuzi zangu sasa ni zile zile za utando, ila nyembamba, na nazifunga mapema ili nijue tabia zake kabla watu hawajakaa kwenye viti. Harusini napiga. Kanisani napiga. Lakini mahali panapozikwa mtu, gitaa langu linabaki nyumbani, hata nibembelezwe na nani. Akinyi nimeshamwambia kwamba hata siku yangu ikifika asialike mpiga gitaa yeyote. Waimbe kwa midomo yao, taratibu, na wale watakaoshika kamba wachaguliwe watu wasiosikia vizuri.